Mzee Laini na Mahindi Yaliyooshwa Mara Nne

Alhamisi, tarehe 17 Novemba mwaka 2022, saa nne na robo asubuhi, ndiyo saa ambayo marehemu ndugu yetu aliagiza historia yake ianze nayo, kabla ya kutajwa wazazi wake na kabla ya kutajwa kuzaliwa kwake, na sisi wa familia tulipomwambia kwamba historia ya mtu huanza na kuzaliwa, alijibu kwamba kuzaliwa kila mtu amezaliwa, lakini saa ile ilikuwa yake peke yake. Tumelitii neno lake. Ndugu waombolezaji, tunaomba mtuvumilie, maana karatasi hii ni ndefu, na anayewasomea ni mdogo wake wa kuzaliwa, ambaye macho yake hayakuwa mazuri hata kabla ya msiba huu.

Ili saa hiyo ieleweke, inabidi turudi nyuma.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mzee Laini na hamjawahi kusikia jina lake jingine, alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi mwaka 1961, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya ghala la pamba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba, baba akiwa mpagazi wa magunia katika ghala hilo na mama akiwa mkulima wa jembe la mkono. Alianza darasa la kwanza mwezi Januari mwaka 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, alipenda hesabu na hakupenda kuimba, na mwalimu mkuu alimwandikia kwenye cheti kwamba ni kijana mkweli, neno ambalo marehemu alipolisoma tena mwezi uliopita aliigeuza ile karatasi kifudifudi juu ya blanketi na hakutaka tuirudishe kwenye fremu.

Mwaka 1977 aliingia ghalani kubeba magunia pamoja na baba, na mwaka 1984 akachukuliwa na fundi wa injini kujifunza kazi, akajifunza kuisikiliza injini kama mganga anavyosikiliza kifua, hata akawa anaweza kusimama barabarani, mashine ikiwa ndani, akasema mkanda umelegea, na kweli ukakutwa umelegea. Tarehe 2 Mei mwaka 1991 alifungua mashine yake mwenyewe ya kusaga nafaka, chini ya paa la mabati manne, hapo hapo ilipo mpaka leo. Jina la Laini alilipata hapo, maana kila mteja alimuuliza kwa kupiga kelele juu ya muungurumo, "Laini au ya chenga?", na miaka ilivyokwenda sauti yake ikasahau kunong'ona, hata kanisani alipoomba kimya kimya, walioketi benchi la mbele walikuwa wanazijua dhambi zake zote. Yeye mwenyewe alikuwa akicheka tukimtania hivyo. Tulidhani tunazijua kweli.

Alifunga ndoa takatifu tarehe 6 Septemba mwaka 1986 na shemeji yetu huyu aliyeketi hapa mbele, ambaye alikuja ghalani kufuata gunia la mama yake, akakuta limepungua, akamwambia marehemu mbele ya wapagazi wote kwamba panya wa ghala hili wanavaa suruali, na marehemu akaja nyumbani siku hiyo akasema amempata mke. Mungu aliwajalia watoto watano, mmoja akamwita kwake mwaka 1993 kabla hajatimiza mwaka, wakabaki wanne, wa kwanza ni dereva wa lori, wa pili ni mwalimu, wa tatu ni fundi bomba, na kitinda mimba yuko masomoni akisomea uuguzi, na ameacha wajukuu tisa.

Sasa tunafika kwenye miaka ambayo ninyi nyote mnaikumbuka bila kukumbushwa. Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa uliofunga mipaka ya dunia, malori yakasimama, mtoto wake wa kwanza akakaa nyumbani miezi saba akiosha lori lisilokwenda popote, na waliokuwa wakitumiwa chochote na ndugu zao walio mbali hawakutumiwa tena. Kabla hatujanyanyuka, mwaka 2022 ikaanza vita katika nchi ambazo sisi hatuwezi hata kutamka majina ya miji yake, na marehemu alikuwa akiuliza, "Hivi hawa wamegombana na sisi lini?", kwa sababu hakuna risasi hata moja iliyotua kwenye mtaa wetu, ila mbolea ilipotea madukani, mafuta ya kupikia yakawa yanauzwa kwa vijiko, na dizeli ikapanda mpaka mashine yake, iliyokuwa ikiunguruma siku sita za juma, ikabaki kuunguruma siku moja tu, Alhamisi. Na mvua nayo, kama aliyesikia kwamba kuna msiba akaamua kuhudhuria, mwaka ule ikakataa.

Watu walikuwa wamekwisha kula akiba, na baada ya akiba wakala mbegu zao wenyewe, jambo ambalo wazazi wetu walilihesabu kuwa ni sawa na kuuza mlango wa nyumba. Ndipo mwezi Septemba wakaja wagawaji, watu wema, wenye magunia ya mbegu za mahindi za kupanda, mbegu nzuri zilizopakwa dawa ya wadudu na rangi ya waridi, na kwa kuwa magunia yalikuwa machache na watu ni wengi, yalifunguliwa na mbegu zikagawiwa kwa kopo, hivyo kila mtu alikwenda na mbegu, na maandishi ya onyo yakabaki kwenye gunia. Wakatuambia tusubiri mvua. Tukasubiri Oktoba yote. Marehemu alikuwa akisema kwamba tulipewa mbegu wakati wa njaa, huenda chakula tungepewa wakati wa mavuno.

Katika mtaa wetu alikuwepo, na yupo, fundi cherehani mmoja, mama wa watoto watatu, mwanamke wa mikono misafi, ambaye nusu ya sare za shule za watoto wetu zimepita kwenye sindano yake. Mwezi ule wa Novemba alikuwa amebaki na kilo tatu za mbegu na hakuwa na kingine chochote ndani. Akaziosha. Aliziosha katika maji ya kwanza yakatoka mekundu, ya pili yakatoka ya waridi, ya tatu yakatoka kama maziwa, ya nne yakatoka meupe kabisa, akazianika juu ya bati, na akaamini, kama ambavyo wengi wetu tungeamini, kwamba rangi ikishatoka dawa nayo imetoka. Hatukujua kwamba rangi si dawa. Rangi iliwekwa ili kututisha tu, dawa yenyewe haina rangi, na imeingia ndani ya punje.

Alhamisi ile walikuwepo watu kumi na tisa kwenye foleni. Dizeli ilikuwa lita tano kwenye dumu la njano, na marehemu alikuwa na utaratibu wake, kwamba injini ikiwashwa haizimwi mpaka mtu wa mwisho, kwa sababu kuiwasha tena kulikunywa mafuta mengi kuliko kusaga beseni zima. Saa nne na robo fundi cherehani akafika mdomoni mwa mashine na beseni lake, marehemu akatia mkono kwenye mahindi kama alivyotia mkono kwenye mahindi ya kila mtu kwa miaka thelathini na moja, akaona.

Ndugu zangu, hapa ndipo alipotutaka tusome polepole. Marehemu aliona. Kwenye ncha ya punje, pale punje inaposhikana na gunzi, rangi ya waridi ilikuwa imebaki, ndogo kama kucha ya mtoto mchanga, kwenye punje moja, na ya pili, na ya tatu. Alimtazama yule mama, na yule mama akatazama chini. Akaitazama foleni, akalitazama dumu, na kwa maneno yake mwenyewe alisema kwamba alijiambia mambo mawili, la kwanza kwamba akizima mashine ili amhoji, watu kumi na mmoja watarudi nyumbani na mahindi mazima, na la pili kwamba zimeoshwa, basi. Hakuuliza lolote isipokuwa lile swali lake la siku zote, laini au ya chenga, akajibiwa laini, akamimina.

Jioni ile watoto wa fundi cherehani walianza kutapika, na yeye mwenyewe pia, na Ijumaa tarehe 18 Novemba, saa moja na nusu asubuhi, katika zahanati, binti yake mdogo wa miaka minne, yule tuliyemwita Chiriku kwa kuwa hakunyamaza tangu alfajiri mpaka usingizi, alifariki dunia. Wale wawili wakubwa Mungu aliwarudisha.

Saa tatu habari ikamfikia marehemu, na papo hapo akakumbuka kwamba baada ya beseni lile walisaga watu kumi na mmoja bila mashine kusafishwa. Akachukua toroli, akaenda nyumba kwa nyumba kuomba unga urudishwe, na ninyi mlio hapa mnajua ilivyokuwa kumwomba mtu unga mwezi ule. Bibi wa nyumba ya kona alilikumbatia debe lake akamwambia, "Laini, mwanangu, nikikupa huu nile nini, sala?", na mwashi wa jirani akamwambia, "Mimi nimeshaula jana na niko hapa nimesimama, au unataka nikutapikie?" Marehemu hakubishana nao. Alirudi nyumbani, akafungua akiba yake mwenyewe, akatoa debe kwa debe, mahindi safi kwa unga ule, mpaka nyumba zote kumi na moja zikaisha, na unga wote akaufukia nyuma ya mashine kwenye shimo alilolichimba kwa mikono yake, na shemeji yetu na wajukuu waliokuwa naye wakala mlo mmoja kwa siku tangu siku ile mpaka mwezi wa Aprili. Katika nyumba zile kumi na moja hakuna aliyekufa. Hilo mmelisimulia sana, na ni kweli, na marehemu hakukataa lisomwe, ila alisema lisisomwe peke yake.

Jumapili tarehe 27 Novemba, saa kumi alasiri, ulifanyika mkutano wa mtaa kwenye uwanja wa shule, na mwenyekiti akamuuliza marehemu mbele ya watu wote, "Laini, wewe uliona kwamba zile ni mbegu?" Kabla hajafumbua mdomo, watu wakamjibia. "Angeonaje, mwenyekiti, wakati mwenzake ameziosha mara nne ili asione!" Na mwingine akadakia, "Mtu ametoa akiba yake kwa ajili yetu, halafu tumuulize maswali?" Fundi cherehani alikuwa amesimama pembeni, kichwa kimefunikwa, siku tisa tangu afiwe, akamtazama marehemu. Alikuwa anangoja. Na marehemu, mwenye sauti iliyoshinda injini, akanyamaza.

Kutokana na kunyamaza kule, mtaa ukakubaliana kwamba yule mama alimdanganya msagaji, akamuua mtoto wake na nusura auue mtaa mzima. Akaitwa Mama Rangi. Watoto walimwita hivyo akipita, na wakubwa hawakuwakemea, na sisi wa nyumba hii tulikuwa miongoni mwa wakubwa hao. Watu wakaenda kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa, mwaka uliofuata ulipofika katikati cherehani ikauzwa, na mkono ulioshona sare ukawa unafua nguo za watu wa mbali, ambao hawakujua jina lile.

Tangu hapo marehemu akabadilika kazini. Hata dizeli ilipopungua bei, alizima injini kila baada ya beseni moja, akamwaga nafaka ya kila mteja kwenye ungo, akaitoa juani, akaigeuza punje kwa punje, na vijana wakamtania, "Mzee Laini, hayo ni mahindi, si mchumba, unakagua mpaka meno?" Alicheka nao. Mara nne, kwa hesabu ya shemeji yetu, alikwenda mpaka mlangoni kwa fundi cherehani na kifurushi cha unga, na mara nne yule mama alipokea, akasema, "Asante, mzee," akasubiri kidogo, kisha akafunga mlango, na marehemu akarudi akasema tu, "Nimeshindwa." Sisi tulidhani ameshindwa kumfariji.

Mwezi Juni mwaka 2024 alianza kukohoa, mwanzo tukasema ni vumbi la unga, na kweli daktari alisema mapafu ya mtu aliyesaga miaka thelathini na mitatu ni kama kichujio kilichoziba. Alilazwa tarehe 9 Septemba, akatoka, akalazwa tena tarehe 2 Desemba, na baada ya mwaka mpya madaktari wakatuambia tumrudishe nyumbani awe karibu na watu wake. Sauti ilikwisha kabisa. Aliyekuwa akisikika mpaka barabarani, ikabidi tumwinamie mdomoni.

Jumamosi tarehe 18 Januari mwaka huu wa 2025, saa tano asubuhi, alimtuma mtoto wake mwalimu akamwite fundi cherehani, na mbele ya mke wake na mtoto wake akamwambia kwa mnong'ono kwamba aliona rangi kwenye ncha ya punje, akamwomba msamaha. Yule mama akasema, "Mzee Laini, mimi nilijua kwamba uliona. Nilikuwepo. Hukuwa na haja ya kuniambia mimi, waambie wao." Akamwekea mto vizuri, akaondoka.

Ndipo marehemu akaanza kuagiza karatasi hii. Mtoto wake wa kwanza alimwambia, "Baba, watu watasema nini?", akajibu, "Watasema kweli." Shemeji yetu akalia akasema, "Mume wangu, unataka kuzikwa na aibu?", na yeye akamwambia kwamba aibu yake atakwenda nayo, hana tatizo, lakini ya mwenzake hawezi kuondoka nayo, si mzigo wake. Alitaka kwenda kuisema mwenyewe kwenye mkutano wa mtaa, alitaka abebwe kwenye kiti, na mkutano ulikuwa umepangwa tarehe 16 Februari. Hakufika. Alifariki dunia nyumbani kwake, Jumanne tarehe 11 Februari, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na tatu, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake.

Kwa hiyo, mbele ya jeneza hili na mbele yenu wote, familia inasema yale ambayo yeye hakuwahi kuyasema hadharani. Fundi cherehani hakumdanganya mtu. Alikuwa na njaa, alikuwa na watoto, aliosha alichokuwa nacho kwa kadiri ya akili yetu sote, akakileta kwa mtu aliyekuwa na kazi ya kukiangalia, na mtu huyo alikiangalia, akakiona, akakisaga. Jina mlilompa si lake. Na wewe mama, ambaye umekuja na umesimama kule nyuma karibu na ukuta wakati viti vipo, familia inakuomba usogee ukae mbele pamoja na wafiwa, kwa sababu wewe ulifiwa kabla yetu na hatukuja kukaa nawe.

Tutangoja mpaka akae.

Marehemu aliagiza pia kwamba kama kuna mwenye mbegu za rangi ndani ya nyumba yake, na mwaka huu tunajua zipo, maana mvua imechelewa tena na malori ya chakula yamesimama tena kwa sababu tusizoelezwa, asizioshe, hata mara saba, hata kwa sabuni, aje nyumbani kwetu aseme tu nina mbegu za rangi na sina chakula, hakuna atakayemuuliza jambo jingine, na ghala la marehemu halijaisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi wa zahanati yetu, inawashukuru majirani waliochimba kaburi kwenye udongo huu mkavu, wasagaji wenzake waliozima mashine zao leo ili waje, kwaya, kiongozi wa ibada, na bibi wa nyumba ya kona, aliyeleta debe la mahindi jana akakataa tumshukuru kwa jina.

Tuombe. Ee Mwenyezi Mungu, uliyemuumba mja wako huyu ukampa mikono ya kulisha watu na sauti ya kusikika kutoka mbali, tunamrudisha kwako akiwa amenyamaza. Usimpime kwa madebe aliyoyatoa, maana yeye mwenyewe alikataa kupimwa nayo, wala usimpime kwa saa ile moja, maana hata sisi kila mmoja ana saa yake. Mpokee Chiriku mkononi mwako, na kama itakupendeza, mruhusu yeye ndiye ampokee mzee huyu mlangoni, amwambie yote anayotaka kumwambia, na yeye amsikilize. Kaka, lala salama, neno lako limefika. Amina.